Siku Moja Katika Bonde Takatifu la Wainka: Kutoka Moray Hadi Ollantaytambo, Sehemu Kubwa kwa Miguu

Mjini Cusco, Peru, kila duka la pili linauza ziara ya Bonde Takatifu ya siku moja: Pisac, Urubamba, Ollantaytambo, Chinchero, kila kituo kwa muda mfupi, kisha mbio kurudi kwenye basi. Jioni simu imejaa picha za mawe, na hujasalimiana na mkulima hata mmoja. Mwongozo huu ni wa msafiri mwenye begi la mgongoni, miguu mizima na fedha za kuhesabu. Njia yake inaanzia juu, kwenye uwanda wa Moray wenye mwinuko wa mita 3,500 hivi, inakatiza mashamba hadi mji mdogo wa Maras, inashuka kando ya majaruba ya chumvi mpaka mto Urubamba, na kwa kipande cha mwisho cha gari inaishia Ollantaytambo, mita 2,800 hivi.

Nimeichagua njia hii kwa sababu huku magofu na kilimo havijatengana. Chumvi ya Maras bado inavunwa na wanakijiji. Mifereji iliyojengwa na Wainka, waliotawala milima hii kabla ya Wahispania, bado inapitisha maji kwenye vichochoro vya Ollantaytambo. Matuta mengi ya mawe bado yanapandwa mahindi.

Kwanza mapafu, ndipo magofu

Cusco iko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu akumbuke kwamba kibanda cha Mandara kiko mita 2,700 na cha Horombo mita 3,720. Cusco inakaa kati ya hivyo viwili, na wewe utafika kwa ndege kutoka Lima, mji wa pwani, kwa muda wa saa moja na ushee. Mwili haupendi mambo hayo. Kichwa kitagonga, usingizi utakatika, ngazi tano zitakutoa pumzi. Wenyeji wanaita hali hiyo *soroche*. Mtu wa Nairobi ana nafuu kidogo kuliko wa Dar es Salaam au Mombasa, lakini asijidanganye.

Ushauri wangu: ukishatua Cusco, usilale hapo. Chukua gari siku hiyohiyo ushuke bondeni, ulale Urubamba au Ollantaytambo usiku mbili tatu, kisha ndipo upande mjini. Bonde liko chini ya Cusco kwa mita 500 na zaidi, na tofauti utaisikia kifuani. Kama tayari umelipia kitanda Cusco, basi siku mbili za mwanzo tembea polepole, kunywa maji mengi, kula chakula chepesi, na pombe iache kwanza. Chai ya majani ya koka utaletewa kila nyumba ya wageni. Ni halali Peru na inatuliza. Majani hayo usiyabebe kurudi nayo nyumbani, kwani nchi nyingi zinayahesabu kuwa dawa za kulevya. Kuna pia *muña*, mmea wa milimani wenye harufu ya mnanaa, mzuri kwa tumbo lililojaa gesi. Kuhusu asetazolamidi, dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko, zungumza na daktari kabla ya safari. Kichwa kikizidi, ukaanza kutapika, kuyumba au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, hakuna ushujaa hapo: shuka, na utafute hospitali.

Tiketi, fedha na begi

Moray na Ollantaytambo haziuzi tiketi ya mlango mmojammoja kwa mgeni. Unanunua *Boleto Turístico*, tiketi ya pamoja. Iko ya aina mbili zinazokuhusu: ile kamili ya siku 10 inayofungua maeneo 16, ambayo kwa miaka kadhaa imeuzwa soli 130 (soli ni fedha ya Peru), na ile ya sehemu ya bonde tu, siku mbili, soli 70, inayofungua Pisac, Ollantaytambo, Chinchero na Moray. Bei hupanda bila kupiga hodi, kwa hiyo ulizia Cusco kabla. Kama utakuwa na siku mbili tu bondeni, ya soli 70 inatosha kabisa. Majaruba ya chumvi ya Maras hayamo ndani ya tiketi yoyote. Wenyewe ni wanakijiji na wanatoza ada yao mlangoni.

Beba noti ndogo na sarafu. Dereva hana chenji ya soli 100, mama wa choo anataka soli moja, na muuza mahindi hapokei kadi.

Begi kubwa liache nyumba ya wageni Cusco; nyingi huhifadhi mizigo ya wageni wao. Mgongoni weka maji lita mbili, kofia pana, losheni ya kuzuia jua, koti la mvua, sweta, tochi, karatasi ya chooni na nguo ya kulalia. Jua la huko juu linaunguza hata ngozi nyeusi, pua na shingo hasa, wakati hewa yenyewe ni baridi na huhisi kitu. Pakua ramani kwenye simu mapema, maana mtandao hukatika uwandani. Msimu mzuri ni Mei hadi Septemba: anga bluu, njia kavu, usiku wa baridi kali. Kati ya Desemba na Machi mvua hunyesha karibu kila siku, njia ya kushukia mtoni huteleza, na majaruba ya chumvi hubadilika rangi kuwa ya tope.

Saa 12 asubuhi: kutoka Cusco

Saa zote humu ni za Kiswahili. Dereva akikwambia *a las seis*, yaani "saa sita" kwa hesabu yao, anamaanisha saa 12.

Nenda mtaa wa Pavitos, si mbali na katikati ya mji, ambako vigari vya abiria vinavyoitwa *colectivo* hujaza watu wa Urubamba na Ollantaytambo. Mfumo wake si mgeni kwako: makondakta wanaita, gari haliondoki mpaka lijae, na nauli ni ndogo sana kuliko ya teksi. Hakikisha gari linapita Chinchero, maana kuna njia nyingine inayozungukia Pisac. Mwambie dereva kabla ya kuondoka: *ramal Maras*, njia panda ya Maras. Ukikaribia, sema kwa sauti *¡bajo en el ramal!* naye atakushusha. Ni mwendo wa kama saa moja.

Kaa dirisha la kulia. Baada ya Chinchero uwanda unafunguka, na milima yenye theluji ya Urubamba inajipanga mbele yako, Chicón ikiwa miongoni mwake, zaidi ya mita 5,500.

Njia panda utakuta teksi zikisubiri. Usiombe safari ya mzunguko mzima wa Moray, chumvi na kurudi, ingawa ndiyo watakayokuuzia kwanza. Taka Moray tu, kwenda bila kurudi, na mpatane bei mlango ukiwa bado umefungwa. Wakiwepo wageni wengine, changieni. Ni kilomita 13 hivi, na kuzitembea asubuhi ni kumaliza nguvu utakazozihitaji baadaye.

Moray kabla ya mabasi

Milango hufunguliwa kwa kawaida saa 1 asubuhi. Ukifika kabla ya saa 3 utakuwa na wenzako wachache. Baada ya hapo mabasi yanaingia.

Moray ni mashimo makubwa ya asili ambayo Wainka waliyajengea matuta ya duara, duara ndani ya duara, hadi chini. Kubwa kuliko yote lina kina cha mita 30 hivi. Maelezo maarufu ni kwamba lilikuwa shamba la majaribio: kila tuta lina joto lake, chini tofauti na juu, kwa hiyo mazao ya nyanda za chini na za baridi yangeweza kujaribiwa mahali pamoja. Mtafiti John Earls ndiye aliyelipa wazo hilo uzito kwa kupima. Waongozaji wengine hulieleza kana kwamba Wainka waliacha barua. Hawakuacha, hawakuwa na maandishi ya herufi, na wapo wataalamu wanaoona mahali pa ibada zaidi kuliko maabara. Mimi nakuelekeza uangalie kitu ambacho hakibishaniwi sana: maji. Mvua ikinyesha, shimo lile halibaki bwawa. Maji yanazama na kutoweka, na mifereji ya wima kwenye kuta inaonyesha jinsi yalivyoletwa tuta hadi tuta. Mawe yanayotokeza ukutani kama ngazi zinazoelea ndizo njia walizopandia wakulima.

Huruhusiwi kushuka kwenye matuta. Mvua za 2009 na 2010 ziliporomosha sehemu ya kuta na miguu ya watalii haikuwa ikisaidia. Zunguka kwa njia iliyowekwa, usisahau mashimo madogo ya pembeni ambayo wengi huyaruka, na saa moja na robo itakutosha.

Mashambani: Moray hadi Maras

Hapa ndipo siku yako inapojitenga na ile ya basi. Barabara ya gari ina vumbi, na pikipiki za magurudumu manne zilizokodiwa na watalii zinapita kwa makundi. Ikwepe. Tafuta kwenye ramani ya simu njia ya miguu inayokatiza mashamba kuelekea Maras, kilomita 7 hivi, saa mbili kwa mwendo wa kutazama. Mteremko ni mdogo na huwezi kupotea sana: mnara wa kanisa la Maras utauona mbele, na ukiona shaka muulize mtu, *¿Maras, por acá?*

Utakachokuta kinategemea mwezi. Aprili hadi Juni ni mavuno, na shayiri imelazwa kwa mafungu. Viazi vikishachimbwa, familia hujenga tanuri dogo la mabonge ya udongo palepale shambani, wanalichochea moto mpaka mabonge yawe mekundu, wanatia viazi, wanaliangusha juu yake na kungoja. Hiyo ni *huatia*. Ukiona moshi na watu wamekaa chini, salimia kutoka mbali. Ukikaribishwa kula, kula, na uwe na kitu begini cha kutoa, mkate au machungwa. Agosti hadi Oktoba ni kulima na kupanda, mara nyingi kwa jozi ya maksai. Katikati ya msimu wa mvua uwanda mzima ni kijani, na kuna mashamba ya *tarwi*, jamii ya kunde yenye maua ya zambarau.

Salamu ni jambo kubwa. Kihispania kinaeleweka, lakini wengi, hasa wazee, lugha yao ya moyoni ni Kikechua. *Allillanchu* ndiyo hujambo, jibu lake ni *allillanmi*, na *sulpayki* ni asante. Mwanamke mtu mzima mwite *mamay*, mwanamume *papay*. Anayetoka kwenye utamaduni wa shikamoo hahitaji kufundishwa kwa nini anayepita shambani kwa mtu kimyakimya anaonekana hana adabu.

Msafiri mweusi atatazamwa. Waperu weusi wapo wengi katika pwani, Chincha kwa mfano, ila huku milimani ni wachache. Watoto watacheka, mtu atakuita *moreno* au *negrito*, majina ya mtu mweusi, mara nyingi bila ubaya kichwani mwake. Wewe ndiye utakayeamua ulichukulieje. Mimi nimeona kwamba salamu ya Kikechua huigeuza hali haraka kuliko uso wa kununa.

Picha ya mtu usiichukue bila kuomba. Wanaovaa mavazi ya rangi na kubeba wanakondoo mjini Cusco wako kazini na wanalipwa. Mama anayepalilia hayuko kazini kwa ajili yako. Mbwa wa mashambani wanabweka sana. Simama, usikimbie, inama kama unayeokota jiwe, na kwa kawaida hurudi nyuma.

Maras: chakula na bendera nyekundu

Maras imejengwa kwa matofali ya udongo, na kwenye baadhi ya nyumba milango ina vizingiti vya mawe vilivyochongwa nembo na miaka ya enzi ya Wahispania. Mji huu ulitajirika kwa chumvi na biashara ya nyumbu. Leo ni kimya.

Tafuta ubao ulioandikwa *menú*: supu, sahani ya pili na kinywaji kwa bei moja ya chini. Supu ya kinoa, punje ndogo za nafaka ya Andes, usiikatae. Simbilisi, *cuy*, ni chakula cha sherehe na huokwa mzima pamoja na kichwa. Kwa mlo wa mchana wa haraka sikishauri, kinachukua muda na bei yake ni kubwa.

Ukiona mti mrefu umetokeza mlangoni na mwisho wake umefungwa mfuko mwekundu wa plastiki au kitambaa, ndani kuna *chicha*, pombe ya kimea cha mahindi, siku hiyo imeiva. Inauzwa kwa bilauri kubwa mno. Kabla ya kunywa, wenyeji humwaga matone chini kwa ajili ya Pachamama, Mama Ardhi. Omba nusu bilauri: una jua, una mwinuko, na una mteremko mbele yako. Mwenye tumbo jepesi aiache, kwani maji yake hujui yamechemshwa vipi.

Chumvi inayotoka mlimani

Kutoka Maras kuna njia ya miguu ya karibu saa moja hadi *Salineras*. Ghafla korongo linafunguka na upande mzima wa mlima ni mweupe: majaruba zaidi ya 3,000, madogomadogo, yamepandana kama magamba ya samaki.

Anayejua majaruba ya chumvi ya Bagamoyo au ya Gongoni karibu na Malindi amezoea maji ya bahari. Hapa bahari iko mbali, nyuma ya Andes. Kijito chembamba cha maji ya uvuguvugu yenye chumvi nyingi kinabubujika kutoka ndani ya mlima, na watu wamekuwa wakikigawa tangu kabla ya Wainka. Maji yanaingia jaruba kwa mfereji mwembamba, mwenyewe anauziba kwa jiwe au tope, jua linafanya kazi, kisha anafungulia tena. Baada ya kama mwezi chumvi inakuwa nene, inapigwa kwa mti ili ivunjike, na inakwanguliwa kwa tabaka: ya juu nyeupe na ya waridi kwa ajili ya jikoni, ya chini iliyochanganyika na udongo kwa ajili ya mifugo. Majaruba ni mali ya familia za Maras na Pichingoto. Kazi hii ni ya msimu wa kiangazi, na asubuhi na alasiri za Juni hadi Septemba utawaona wamebeba magunia mgongoni wakipanda ngazi ambazo wewe unazishuka kwa tahadhari.

Zamani wageni walipita juu ya kingo za majaruba. Tangu 2019 hairuhusiwi, kwa sababu uchafu ulikuwa ukiingia kwenye chakula cha watu. Usimwombe mtu akufanyie upendeleo. Nunua chumvi hapohapo kwa akina mama. Ni rahisi kuliko Cusco, na mfuko mdogo haukulemei.

Kushuka hadi mtoni

Muulize mlinda mlango kama njia ya kwenda chini, *el camino al río*, iko wazi siku hiyo. Ikiwa mvua imenyesha na njia imekatwa, panda teksi kurudi barabarani na usibishane. Ikiwa wazi, inafuata korongo pembeni ya majaruba, ina mawe yanayoviringika, na kwa saa moja hivi inakushusha Pichingoto, kijiji chenye baadhi ya nyumba zilizochimbwa kwenye mwamba. Hewa inabadilika njiani: juu nyasi kavu, chini mikaratusi, mipungate na mahindi. Mahindi hayo meupe yenye punje kubwa kama ncha ya kidole gumba ni ya bonde hili.

Vuka daraja la Tarabamba, na uko kwenye barabara kuu. Simama upande wa magari yanayoshuka na mto, inua mkono. Gari la Ollantaytambo litakufikisha kwa nusu saa hivi. Ukikuta muuza *choclo con queso* barabarani, nunua: hindi moja la kuchemsha na kipande cha jibini ya chumvichumvi, liwe chakula chako cha alasiri.

Ollantaytambo, saa 10 jioni

Mabasi ya watalii yanaanza kuondoka wakati huu, na hiyo ndiyo faida yako. Ingia magofuni moja kwa moja, kwa tiketi ileile. Ngazi ni nyingi na zina mwinuko mkali. Panda kwa vituo.

Juu kuna ukuta wa mawe sita makubwa ya rangi ya waridi, kila moja likiwa na uzito wa makumi ya tani, na kati yake vipande vyembamba vya mawe vilivyopachikwa kwa usahihi. Sasa geuka nyuma, tazama ng'ambo ya mto, juu mlimani. Machimbo ya Kachiqhata yako kule, kilomita kadhaa. Mawe yalishushwa, yakavushwa mto, yakapandishwa hapa kwa kamba na mikono ya watu. Mengine hayakufika, yamelala njiani mpaka leo, na wenyeji wanayaita mawe yaliyochoka. Kazi hiyo ilianza enzi ya Pachacuti, mfalme wa Wainka, katika karne ya 15 na haikumalizika.

Ni hapa pia Manco Inca, mfalme wa Wainka aliyeasi, alimshinda kamanda wa Kihispania Hernando Pizarro, wakati wa vita vya 1536 na 1537. Wapanda farasi wa Kihispania walipokuwa uwandani chini ya matuta, Wainka walifungulia maji ya mifereji, farasi wakazama kwenye tope. Ushindi haukudumu, muda si mrefu Manco alirudi nyuma hadi eneo la mbali la Vilcabamba. Lakini ukisimama kwenye tuta la juu unaona wazi jinsi mtu aliyejua kumwagilia shamba alivyoweza kupigana kwa mfereji.

Ukitoka, usiende kwenye mikahawa ya uwanjani kwanza. Ingia vichochoro vya kaskazini ya uwanja. Ramani ya mitaa ni ya Wainka wenyewe, kuta za chini ni zao, na watu wanaishi ndani. Mlango mmoja wa mawe unaingia kwenye ua unaozungukwa na vyumba kadhaa vya ndugu. Milango iliyofungwa ni ya nyumba za watu. Ua wenye kibao cha kukaribisha wageni ingia, nunua kitu, uliza maswali. Maji yanakimbia kwenye mfereji kando ya miguu yako.

Kulala au kurudi

Magari ya Cusco hujaa karibu na uwanja wa mji na safari ni ya saa mbili hivi. Ondoka kabla giza halijakolea. Baada ya hapo magari hupungua na madereva wenye haraka huongezeka. Mimi ningelala. Asubuhi mapema, mlima ulio mkabala na magofu, Pinkuylluna, una maghala ya Wainka yaliyojengwa kwenye mteremko wenye upepo ili nafaka isioze, na kuupanda hakuna kiingilio. Njia ni nyembamba na haina kingo za kushikilia, kwa hiyo viatu viwe na meno. Wanaoendelea hadi magofu ya Machu Picchu hupanda treni mjini hapahapa, na kampuni za treni zina kikomo cha mzigo, sababu nyingine ya lile begi kubwa kubaki Cusco.